KUMSHONEA BINTI MDOGO NGUO YA STARA NYUMBANI

 



Mara nyingi tunapozungumzia mavazi ya watoto wetu wa kike tunazungumzia hukumu tu: nini kifunikwe na nini kisionekane. Jambo hilo ni la lazima kulijua. Lakini lipo jambo jingine ambalo wazazi wengi tunalisahau, nalo ni kuwa mtoto mdogo huijua stara kwa ngozi yake kabla hajaijua kwa akili yake. Ikiwa nguo ya kwanza ya stara aliyovaa inamchoma kwa joto, inambana kwapani na inamwangusha njiani, atajifunza kuwa dini ni joto, kubanwa na kuanguka. Ikiwa ni nyepesi, pana na nzuri, ataizoea na kuipenda. Makala hii inaeleza jinsi ya kumshonea binti mdogo nguo ya namna hiyo hapa hapa nyumbani, hata kwa asiye na cherehani.

1. MAFUNDISHO YA DINI

Katika Surat Al-A'raf, aya ya 26, Allah (S.W.) anatukumbusha kuwa ametuteremshia mavazi ya kusitiri tupu zetu na mavazi ya pambo, kisha anatuambia kuwa vazi la ucha Mungu ndilo bora zaidi. Tuzingatie kuwa stara na pambo vimetajwa pamoja. Nguo ya stara haikutakiwa iwe mbaya.

Imam Bukhari amepokea kisa cha Ummu Khalid (R.A.), binti wa Khalid bin Said, aliyezaliwa Uhabeshi wakati Waislamu walipohamia huko. Mtume (S.A.W.) aliletewa nguo, na miongoni mwake ilikuwemo moja ndogo nyeusi yenye mapambo ya kijani au manjano. Aliwauliza masahaba ni nani anayefaa kuvishwa, wakanyamaza. Akaagiza aletewe Ummu Khalid, naye alikuwa mdogo kiasi cha kubebwa. Mtume (S.A.W.) akamvisha kwa mkono wake, akamwombea aishi hadi aichakaze, kisha akamsifia uzuri wa nguo ile kwa neno la Kihabeshi, lugha ambayo mtoto yule aliizoea.

Tunajifunza hapa mambo matatu. Kwanza, alichaguliwa mtoto wa kike, tena mdogo. Pili, nguo ilikuwa na pambo. Tatu, alisifiwa kwa lugha iliyo karibu na moyo wake. Nasi tukimvisha binti yetu, tumsifie kwa Kiswahili au kwa Kinyakyusa, vyovyote anavyozungumza na bibi yake.

Ama kushona kwenyewe, baadhi yetu hudhani ni kazi ya wanawake tu. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alitaja miongoni mwa mengine kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake, kama alivyopokea Imam Ahmad. Basi baba naye asione haya kushika sindano.

Aidha inafaa ieleweke kuwa binti ambaye hajabaleghe hajawajibikiwa na sheria kama mtu mzima. Tunamzoesha, kama tulivyoamrishwa kumzoesha swala anapofika miaka saba. Kumzoesha ni kwa upole na kwa hatua, na nguo inayofaa ni msaada mkubwa katika hilo.

2. KITAMBAA KINACHOFAA MWAMBAO WETU

Wenzetu wa Tukuyu, juu kwenye miteremko ya Rungwe, huvaa masweta. Sisi wa Kyela mjini, Ipinda, Itungi na Matema tunaishi bondeni kando ya Ziwa Nyasa, ambako joto na unyevunyevu ni vya kila siku. Vitambaa vya nailoni havinyonyi jasho wala havipitishi hewa vizuri. Mtoto akivishwa hijabu ya nailoni saa nane mchana hutoka harara shingoni, naye akishavuka barabara ya madrasa huivua na kuitia mfukoni. Tusimlaumu mtoto kabla hatujakitazama kitambaa.

Kinachofaa ni pamba. Khanga, vitenge vya pamba (wenzetu wa ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, huviita chitenje) na shuka jepesi la pamba vyote vinafaa. Ili kujua kama kitambaa ni pamba, mtu mzima achomoe uzi mmoja auchome. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wa nailoni au poliesta huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Hii ni sababu nyingine ya kuepuka vitambaa hivyo kwa mtoto anayekaa jirani na moto wa kuni, kwani kikishika moto huyeyukia kwenye ngozi.

Kabla ya kukata fanya mambo mawili. Kwanza, kifue kitambaa na ukianike, kwa sababu pamba hurudi ikifuliwa mara ya kwanza. Pili, weka kiganja nyuma ya kitambaa juani. Ukiona vidole vyako, basi nguo hiyo itahitaji shumizi ndani.

Kwa khanga kuna jambo la tatu: soma jina lake. Khanga nyingi zimeandikwa mafumbo ya watu wazima, ya wivu na ya kusutana. Si vyema fumbo hilo likatokea mgongoni mwa mtoto wa miaka sita anayekwenda kusoma Juzuu Amma. Chagua jina jema, au kata sehemu ile uitumie ndani ya pindo.

3. VIPIMO

Tumia futi ya fundi. Asiye nayo achukue kamba, aipime mwilini kisha ailaze juu ya rula ya shule. Tuchukue mfano wa binti wa miaka 6 hivi ambaye vipimo vyake ni hivi:

(i) Kifua kwa kuzunguka: sentimita 60.
(ii) Urefu kutoka begani hadi kifundo cha mguu: sentimita 88.
(iii) Mkono kutoka ncha ya bega hadi kiwiko cha kiganja: sentimita 39.

Kwenye kifua ongeza sentimita 20 za nafasi. Jumla ni 80, hivyo mbele ni 40 na nyuma ni 40. Kila upande ongeza sentimita 2 za mshono, ikawa 44. Huo ndio upana wa juu wa kila kipande. Chini upana uwe sentimita 54 ili apige hatua. Urefu ni 88, jumlisha 2 za mshono wa bega na 8 za pindo, ikawa 98.

Kipande kimoja cha khanga huwa na takriban sentimita 150 kwa 110, ingawa hutofautiana, hivyo kipime chako kwanza. Vipande viwili vya 54 ukivilaza sambamba huchukua 108 katika upana wa 110. Katika urefu hubaki sentimita 52. Humo hutoka mikono miwili, kila mmoja upana 38 na urefu 38. Mkono umepungua kwa sababu kipande cha mwili ni kipana na tayari kinashuka kidogo chini ya bega. Masalio yatatosha mfuko mmoja, vipande viwili vya pembetatu vya kupanua pindo, kila kimoja urefu 40 na kitako 18, na vipande vidogo vya kwapani. Kipande cha pili cha doti kitatoa hijabu na shumizi.

4. KUSHONA

Mwenye cherehani atashona haraka. Asiye nacho asikate tamaa. Sindano, uzi imara wa pamba na jioni chache vinatosha, ila afanye kazi kwenye mwanga wa kutosha.

(a) Piga bandi kwanza kwa nyuzi za mbalimbali, umjaribishe mtoto, ndipo ushone. Kufumua bandi ni rahisi, kufumua mshono ni taabu.

(b) Shona mabega, kisha unga mikono, kisha shona ubavu kuanzia ncha ya mkono hadi chini. Kwapani tia kipande cha mraba cha sentimita 8 kila upande, kama wafanyavyo mafundi wa kanzu. Hicho huitwa kikwapa. Bila hicho, kila akiinua mikono kwa takbira gauni zima litapanda juu.

(c) Kwa mkono, tumia mshono wa kurudi nyuma: sindano inatangulia hatua moja, kisha inarudi hadi mwisho wa mshono uliopita. Uzi ukikatika sehemu moja, mshono wote haufumuki.

(d) Ili kingo zisichanike, shona mara mbili. Kwanza unganisha vipande vikiwa ndani kwa ndani, mshono wa nusu sentimita. Geuza, kunja, kisha shona tena ndani kwa sentimita moja. Kingo zote zitakuwa zimefichwa wala hazitamkwaruza.

(e) Shingo uipasue mbele kiasi cha sentimita 12 na kuweka kifungo kimoja, ili aweze kuvaa mwenyewe bila kumwita mtu. Zungushia shingo kipande cha kitambaa kilichokatwa mshazari, kwani hicho hujipinda bila kukunjana.

(f) Mkono usiwe mwembamba. Ncha yake iwe na sentimita 24 hivi ili aweze kuukunja hadi juu ya kisigino cha mkono anapotia udhu. Mkono unaobana humfanya mtoto aoshe nusu ya kinachotakiwa, tena akailowanisha nguo.

Kwa hijabu, shona ile iliyofungwa chini ya kidevu, isiyohitaji pini. Pima tundu la uso kwa kupitisha futi chini ya kidevu na juu ya utosi. Pamba haivutiki, kwa hiyo acha tundu lipite kichwa chote, kisha pitisha mpira mwembamba ndani ya pindo. Mpira ukiacha alama usoni umebana mno, uulegeze. Usitie kamba ya kufunga shingoni kabisa, kwa kuwa ikinasa kwenye tawi au baiskeli yaweza kumkaba.

5. NGUO INAYOKUA PAMOJA NA MTOTO

Mtoto wa umri huu hurefuka kiasi cha sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Ndiyo maana tumeacha pindo la sentimita 8. Mwakani ulifumue na kulishusha. Mstari wa zamani ukionekana, ushonee utepe wa rangi juu yake, na mtoto ataona amepata nguo mpya.

Wazazi wengi hufanya kinyume chake: hununua nguo kubwa ili "akue nayo", ikaburuta chini. Katika masika, ambayo kwetu hupamba moto mwezi Aprili, nguo hiyo huzoa matope yote ya njiani. Tena hapa Kyela watoto wetu hupakiwa sana kwenye baiskeli. Nguo inayoning'inia huingia kwenye spoki au mnyororo, na ajali yake ni mbaya. Urefu uishie kwenye kifundo cha mguu, na akipakiwa baiskeli nguo ikusanywe mapajani.

6. IDD BILA YA DENI

Kuvaa vizuri siku ya Idd ni jambo jema. Lakini Allah (S.W.) katika Surat Al-Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake ambao wakitoa hawafanyi israfu wala hawafanyi ubahili, bali wako baina ya hayo. Baba anayekopa ili binti avae gauni la dukani kwa siku moja, kisha mwezi unaofuata akakosa ada ya madrasa, ameuacha wastani huo. Doti moja iliyoshonwa vizuri tangu Shaaban humvalisha mtoto Idd, humpeleka madrasa mwaka mzima, na ikimbana hupewa mdogo wake au yatima wa jirani ikiwa bado nzima. Nguo ya mama ya pamba iliyochakaa mabegani, au ya mitumba iliyofuliwa vyema, nayo pia hukatwa ikatoa gauni zuri la mtoto.

Hali kadhalika, mshirikishe binti mwenyewe. Achague rangi. Akifika miaka minane au tisa afundishwe kupiga bandi na kushikiza vifungo, na kaka yake afundishwe pamoja naye. Muda ule wa kukaa mkekani mama akishona na binti akishika uzi ndio wakati mwafaka wa kumweleza kwa nini tunajisitiri, kwani atauliza mwenyewe. Jibu la upole wakati huo hubaki moyoni kuliko amri ya mlangoni.

Nguo yenyewe itachakaa, na hivyo ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyomwombea Ummu Khalid. Tunalotaka lisichakae ni mapenzi ya binti yetu kwa stara yake.

Tunamwomba Allah (S.W.) awalinde mabinti zetu, awavishe vazi la ucha Mungu, na atujaalie sisi wazazi na walimu subira na hekima katika malezi yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.