Maharage ya Njano, Ndizi za Tukuyu na Shina la Ubongo

Soko la Mwanjelwa, Mbeya. Muuzaji anajaza sado maharage ya Njano Uyole, anasawazisha kwa kiganja, kisha anatupia konzi moja ya nyongeza. Ndani ya mbegu hizo, matunda ya watafiti wa hapo Uyole, kuna triptofani, malighafi ambayo mwili huitumia kutengeneza serotonini.

Siku hizi serotonini inaitwa homoni ya furaha, na jina hilo linapotosha. Kazi zake ni nyingi: usingizi, hamu ya kula, maumivu, hata mwendo wa tumbo. Asilimia 90 hivi hutengenezwa kwenye utumbo, nayo haivuki kizuizi kinacholinda ubongo. Ndizi za Tukuyu nazo zina serotonini yake, lakini hata ule mkungu mzima, hiyo haifiki kichwani. Ubongo hujitengenezea yake.

Tena si kila mahali. Mwaka 1964, Annica Dahlström na Kjell Fuxe wa Sweden waliufanya ubongo wa panya ung'ae chini ya hadubini, wakaona seli zinazobeba serotonini zimejikusanya hasa katikati ya shina la ubongo, kwenye mafungu tisa. Kwa binadamu ni laki chache tu kati ya seli za neva bilioni 86 hivi. Gamba la ubongo, tunalofikiria nalo, halina seli hizo. Huletewa serotonini na nyuzi ndefu zinazotoka mafungu ya juu. Mafungu ya chini hupeleka yao kwenye uti wa mgongo, kusaidia kudhibiti maumivu.

Mbeya na Iringa zinalisha nchi kwa mahindi, nafaka yenye triptofani kidogo, na ukikoboa upate sembe unatupa kiini chenye nafuu. Ndiyo maana nayaheshimu makande: maharage huziba pengo hilo.

Ila tusimwambie mwenye sonona ale vizuri achangamke. Triptofani hugombania mlango wa ubongo na asidi amino nyingine, kwa hiyo sahani ya maharage si tiba. Aende hospitali. Dawa kama fluoksetini haiongezi uzalishaji. Inazuia serotonini iliyokwisha kutolewa isirudishwe haraka ndani ya seli. Nafuu huchukua wiki kadhaa, na wengi huacha vidonge kabla haijafika, wakidhani dawa imeshindwa.