Ukame Unaoanza Siku ya Mvua

Mtu aliyezoea masika na kiangazi vya kwetu hustaajabu akisikia kwamba huko Springfield, katika jimbo la Virginia, jirani na Washington, mvua hunyesha mwaka mzima, na walakini kijito cha Accotink, kinachopita mjini humo kikielekea mto Potomac, hukonda upesi jua likichoma majuma machache mfululizo. Sababu haiko mbinguni. Ardhi iliyoachiwa udongo na miti yake huinywa mvua, ikaiweka amana, kisha ikairejesha kijitoni kidogo kidogo, nayo ingali baridi. Bali ardhi iliyotandikwa lami na saruji huitupa yote miferejini kwa saa moja, ikashuka kwa kishindo, ikamomonyoa kingo na kuyafukia kwa tope mawe wanamotagia samaki, hata ukame ufikapo hakuna tena amana ya kudai.

Na samaki aghalabu hukosa pumzi kabla hajakosa maji. Maji ya nyuzi 10 za sentigredi huweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hayabebi ila 7 na nusu, ilhali haja ya kupumua huzidi kwa kadiri ya joto. Ndipo kivuli cha ukingoni kinapokuwa na thamani, hali kadhalika gogo lililoanguka, ambalo wapenda unadhifu huliondoa.

Mwaka 2011 idara ya mazingira ya serikali kuu iliamuru wingi wa maji ya mvua yaingiayo Accotink upunguzwe. Virginia na wilaya ya Fairfax, ulimo Springfield, zikashtaki, na Januari 2013 hakimu Liam O'Grady akahukumu kwamba mamlaka ya idara yako juu ya uchafu, na maji si uchafu. Kwa herufi ya sheria sioni kasoro. Kwa kijito, maji hayo ya ghafla ndiyo maradhi yenyewe.

Huku Tanzania nako, mto Ruaha Kuu, uliokuwa ukikatika mtiririko wake kila kiangazi tangu mwaka 1993, haukudhuriwa na lami, bali na maji yaliyochepushwa katika bonde la Usangu kwa mashamba ya mpunga, kinamasi cha Ihefu kikapungukiwa. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 hulinda mita 60 za ukingo, na kanuni ya Fairfax futi 100, yaani mita 30 hivi. Lakini ukingo, uwe mpana namna gani, hauwezi kurudisha maji ambayo mfereji umekwisha kuyachukua, na kwa hiyo Usangu kazi ya kwanza iko kwenye milango ya mifereji, na Springfield iko kwenye maegesho ya magari.