Ngome Alizozilenga Paulo Zimo Kanisani

Katika mkesha wa maombezi, ikifika saa nane za usiku, utazisikia zikitajwa moja moja: ngome za ukoo, ngome za upande wa mama, ngome za mji, ngome za waganga waliofukia vitu mlangoni. Watu husimama, hunyoosha mikono, hukemea mpaka sauti zinakauka. Siwadharau hata kidogo. Wengi wao wamebeba mizigo ya kweli, na Mungu husikia kilio cha aliyelemewa. Lakini kazi yangu ni kufundisha Agano Jipya na kuketi na waumini wanaotafuta ushauri, na kazi hiyo imenionyesha kwamba andiko tunalolitegemea kwa maombi hayo linazungumzia ngome za aina nyingine. Tusipozijua, tutakesha mwaka nenda mwaka rudi nazo zikiwa zimesimama.

Andiko lenyewe ni Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 10, mstari wa 3 hadi wa 6. Paulo aliuandika katikati ya miaka ya 50 baada ya Kristo, akiwa Makedonia, kwa kanisa alilolianzisha mwenyewe. Wasomaji wake hawakuwa na haja ya kuelezwa ngome ni nini. Juu ya mji wa Korintho umeinuka mlima wa mawe, Akrokorintho, wenye kimo cha zaidi ya mita 570, na kileleni palikuwa na boma la tangu kale. Mji huo uliteketezwa na jeshi la Kirumi mwaka 146 kabla ya Kristo, ukakaa magofu kwa takriban karne nzima hadi Julius Caesar alipoagiza ujengwe upya mwaka 44 kabla ya Kristo. Paulo mwenyewe alizaliwa Tarso ya Kilikia, nchi ambako mwaka 67 kabla ya Kristo jemadari Mrumi Pompey aliwapiga maharamia na kuzitwaa ngome zao za milimani. Basi anapozungumza juu ya kubomoa maboma, kuwateka waliomo na kuwaadhibu wanaoendelea kuasi, anafuata hatua za jeshi lililouzingira mji, hatua ambazo watu wa pande zile walizijua vizuri.

Sasa tazama ndani ya ngome hizo mna nini. Paulo hatuachi tukisie. Mna hoja, mna majivuno yanayojiinua ili watu wasimjue Mungu, mna fikira zinazotakiwa kutiishwa chini ya Kristo. Katika mistari hiyo hataji pepo hata mmoja. Na wenye hoja hizo hawakuwa wapagani wa mitaani. Walikuwa watu wa kanisa la Korintho, waliobatizwa, walionena kwa lugha, waliosema kwamba nyaraka za Paulo ni nzito ila akija mwenyewe ni dhaifu na hajui kuongea. Ngome yao ilikuwa namna ya kufikiri: kwamba nguvu za Mungu huonekana kwa mtu mwenye ufasaha na fahari, na kwamba mtumishi anayeteseka hana upako. Kila nikiusoma waraka huo naona jinsi hoja ile ilivyo hai bado, na jinsi inavyopewa kipaza sauti kila Jumapili.

Pepo wapo, na Yesu aliwatoa, silikatai hilo. Lakini soma sura ya pili ya waraka huohuo, mstari wa 10 na wa 11. Pale Paulo anasema wazi kwamba anazijua hila za Shetani, na anazisema akizungumzia nini? Ndugu aliyekosa, akaadhibiwa na kanisa, akatubu, na sasa kanisa linasitasita kumsamehe. Katika jambo hilo ndipo Paulo anapomwona Shetani akitafuta nafasi ya kulipunja kanisa. Waefeso 4 inasema hivyohivyo kuhusu hasira inayolazwa mpaka kesho yake: inampa Ibilisi nafasi. Sisi tumeitafuta nafasi hiyo kwenye kizingiti cha nyumba na kwenye kaburi la bibi, nayo Biblia inaionyesha kwenye kinyongo. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mzee mmoja wa kanisa alinijia akitaka aombewe. Biashara ilikuwa imekwama, na binti zake walikuwa wakichumbiwa kisha wachumba wanatoweka. Alikuwa ameshafunga na kuomba, ameshatoa sadaka ya kukata laana ya ukoo, ameshapakwa mafuta. Tulizungumza sana kabla sijamuuliza habari za mdogo wake.

"Huyo tulishamalizana, mchungaji."

"Mlimalizana vipi, mzee wangu?"

"Simsalimu, naye hanisalimu. Amani ipo."

Waligombania mpaka wa shamba baada ya matanga ya baba yao. Alikuwa na sababu zake, zimepangwa vizuri, na karibu kila moja ina mstari wa Biblia: kwamba mwenye hekima huepuka ugomvi, kwamba alishasamehe moyoni, kwamba nuru haishirikiani na giza. Ukigusa moja, anatoa nyingine. Hapo nilikuwa naiona ngome kwa macho. Chuki yenyewe ilikuwa dhambi ya kawaida, ya kutubiwa kama nyingine. Kilichoifanya iwe ngome ni hoja zilizoizunguka na kuilinda mpaka mwenyewe haioni tena, akaita "amani" kitu ambacho kilikuwa vita vilivyonyamaza. Tuliomba, tena kwa machozi, lakini maombi yale yalianza pale alipotamka kwa kinywa chake, "Namchukia ndugu yangu." Baadaye alikwenda kwa mdogo wake. Kuhusu biashara sikumwahidi lolote, maana andiko haliahidi.

Na hii habari ya laana ya ukoo ningependa tuiweke sawa. Nabii Ezekieli, sura ya 18, alipambana na watu waliosema kwamba wanateseka kwa makosa ya baba zao, akawaambia kila mtu atajibu kwa yake. Paulo naye, katika Wagalatia 3, anafundisha kwamba Kristo alikwisha kutukomboa katika laana. Ni kweli tabia hurithishwa: mtoto aliyelelewa na baba mlevi na mkali hubeba majeraha, na majeraha hayo yanahitaji kuhudumiwa. Lakini anayemtoza Mkristo fedha ili amkate laana anauza kitu ambacho Kristo alikwisha kukitoa bure, na kanisa halina budi kulisema hilo bila woga.

Afrika Mashariki tuna historia yetu wenyewe ya ngome zilizoanguka. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, na ambaye alikuwa amechoka na kuvunjika moyo baada ya njaa kuu. Wakaketi pamoja na Biblia zao. Kutokana na urafiki huo na maombi ya wengine, miaka ya 1930 uliwaka Uamsho wa Afrika Mashariki, ukatoka Gahini kwenda Uganda, Kenya, Burundi na Tanganyika. Ndugu waliita njia yao kutembea nuruni, kwa kufuata Yohana wa Kwanza sura ya 1. Mtu alisimama katika ushirika akataja dhambi yake kwa jina lake, bila kuipamba. Walioiba walirudisha walivyoiba. Wenye madeni walilipa. Wamisionari Wazungu nao walisimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi cha rangi yao. Jambo hilo, katika zama za ukoloni, lilikuwa kubomoa ukuta ambao serikali, shule na hata kanisa vilikuwa vimeujenga kwa pamoja. Sijui maombi ya kukemea ambayo yangeweza kufanya kazi hiyo bila mtu kufungua kinywa na kusema, "Nimekudharau."

Hata hivyo uamsho nao ulizaa ngome zake. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa uamsho walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, na ingawa walikuwa na haki ya kukemea wizi na uasherati waliouona, baadhi ya ndugu walijifunza mapema mno kuwahukumu wasiofanana nao. Miaka iliyofuata makundi yaligawanyika, kila moja likijiona ndilo lililoamka kweli.

Kisha kuna jambo zito zaidi. Katika muongo uleule Gahini ilipowaka moto wa uamsho, utawala wa Wabelgiji uliwapa Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandika nani ni Mhutu, nani ni Mtutsi na nani ni Mtwa. Ikafundishwa kwamba Wahutu ni wenyeji na Watutsi ni wageni waliokuja kutawala. Hoja hiyo ilikaa katika vitabu vya shule, katika siasa, katika upangaji wa nafasi za kazi, hadi kwenye uteuzi wa viongozi wa dini. Watu waliungama ulevi na uzinzi. Juu ya hoja hiyo wengi walinyamaza. Mwaka 1994, katika nchi ambayo karibu watu tisa kati ya kumi walihesabiwa kuwa Wakristo, yapata watu 800,000 waliuawa ndani ya siku 100 hivi. Katika makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye waliuawa waliokuwa wamekimbilia humo kujiokoa, na miongoni mwa wauaji walikuwamo waliobatizwa. Mwalimu wa Biblia asiyeuweka mwaka huo mbele ya macho yake anapofundisha 2 Wakorintho 10 bado hajalielewa somo.

Burundi jirani ilionyesha kwamba ngome hiyohiyo inaweza kubomolewa. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993 na mauaji kuenea nchini, katika seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, gambera, Padre Zacharie Bukuru, hakuwaacha vijana wanyamaze. Waliongea waziwazi juu ya Uhutu na Ututsi wao, hofu zao na ndugu zao waliouawa. Wakasali pamoja, wakacheza pamoja, wakala pamoja. Alfajiri ya Aprili 30, 1997, waasi wenye silaha waliingia bwenini wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana walikataa. 40 waliuawa. Tunapowakumbuka tunautazama ujasiri wa dakika ile, nami nautazama pia ule muda wote wa mazungumzo magumu uliotangulia. Bunduki zilipofika, ndani ya vijana wale hakuna hoja iliyosalia ya kushirikiana nazo.

Kwa mtu mmoja mmoja kazi ni ileile. Keti uandike, kwa maneno unayoyatumia kweli ukiwa peke yako, sababu unayojipa kila unapoirudia dhambi ileile: "Kila mtu anafanya." "Bila rushwa hii watoto hawatasoma." "Mungu hawezi kumpenda mtu kama mimi." Hii ya mwisho ni ngome kama zile nyingine, nayo ina wafungwa wengi kanisani. Kisha ulete neno la Kristo juu ya sababu hiyo mahususi, uliombee, ulikariri, ulitende palepale hoja inapokuzuia. Waefeso, katika Matendo 19, walikuwa wameshaamini walipokuja kuungama uganga wao wakavichoma vitabu vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Kipande kimoja kilikaribia ujira wa kibarua wa siku moja. Hakuna aliyeviuza ili arudishe gharama. Na usiiache nafasi tupu: Yesu alisimulia habari za pepo aliyerudi na wenzake saba kwenye nyumba iliyofagiwa isiyokaliwa na mtu.

Lakini ugonjwa si hoja ya kubomolewa: mtu mwenye kifafa, sonona au virusi vya Ukimwi asiachishwe dawa kwa jina la imani. Aombewe, na anywe dawa zake.

Katika kuungama, chagua mtu mmoja aliyekomaa, anayetunza siri, wa jinsia yako, na asiye na faida yoyote katika habari yako. Mkutano wote hauhitaji kusikia. Dhambi yako iseme yote, lakini jina la uliyekosa naye liache, maana hilo ni lake kuliungama. Ulichoiba kirudishe kwa mwenyewe, hata kama umeshakiombea msamaha. Anayekutaka ulipe kwanza ndipo akusikilize, mwache, utafute mwingine.