Noti ya Mwalimu Ina Bei Gani?

Aprili 5, 2025 ilikuwa siku ya mwisho ya kubadilisha noti za zamani za Tanzania. Benki Kuu ilitoa miezi mitatu, kuanzia Januari 6, ili kila aliyekuwa na noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 iliyotolewa 2010, azipeleke benki na kulipwa thamani yake. Muda ulipokwisha, zile zilizosahaulika kwenye masanduku ya bati na katikati ya kurasa za Biblia na misahafu ziliacha kuwa pesa. Dukani hazinunui hata kiberiti.

Wenye noti hizo wana swali moja: sasa ni bei gani? Jibu la kweli huwaudhi wengi. Noti nyingi hazina bei yoyote ya maana, chache zina bei nzuri, na umri si kitu kinachozitenganisha. Kwa Mkoa wa Mara swali hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa sura iliyo kwenye noti na sarafu nyingi zinazotafutwa ni ya mtoto wa huko: Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama Aprili 13, 1922, akasoma Mwisenge mjini Musoma, na akazikwa Mwitongo, Butiama, mwaka 1999.

Namna soko hili linavyofanya kazi inaonekana vizuri zaidi kwa jirani yake tajiri, soko la kadi za wachezaji. Huko yupo Mtanzania ambaye kadi zake zinafundisha kuliko vitabu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa sentimita 221, aliteuliwa wa pili kuingia ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, na timu ya Memphis Grizzlies. Mbele yake alikuwapo Blake Griffin peke yake. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Msimu ule kampuni za Topps na Panini zilichapa kadi zao, na wakusanyaji huithamini zaidi kadi ya msimu wa kwanza wa mchezaji kuliko zote zinazofuata.

Kadi hizo huuzwa kwenye pakiti zilizofungwa. Mnunuzi hajui ndani mna nani, na hapo ndipo utamu na hatari vinapokutana, maana muuzaji ameshaweka bei ya tumaini juu ya bei ya karatasi. Aliyefungua pakiti mwaka 2009 na kumkuta Thabeet alikuwa na haki ya kufurahi kuliko aliyemkuta Curry. Thabeet alicheza NBA kwa vipindi hadi 2014. Curry aliubadili mchezo wenyewe, na mwaka 2021 kadi yake moja ya msimu ule, ya aina ya pekee, iliingia kwenye biashara ya dola milioni 5.9. Kadi za kawaida za Thabeet za mwaka huohuo hupatikana kwa dola chache.

Hapo kuna mafunzo mawili. Pakiti iliyofungwa ni bahati nasibu, na anayetaka kitu fulani anafanya vyema kununua kadi yenyewe, moja, anayoiona kwa macho. La pili ni kwamba bei ya soko na thamani kwa mkusanyaji ni vitu viwili tofauti. Kwa Mtanzania, kadi ya Mtanzania wa kwanza kucheza NBA ni ununuzi wa heshima hata isipopanda bei kamwe.

Kadi ikishatoka kwenye pakiti, linalobaki ni hali yake. Kampuni ya Marekani iitwayo PSA, iliyoanza 1991, hupokea kadi, hukagua pembe, kingo, uso na kama picha imekaa katikati, kisha huipa daraja la 1 hadi 10 na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Kampuni nyingine hufanya kazi hiyohiyo. Kadi ya Topps ya mwaka 1952 ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, yenye daraja la 9.5, iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Kadi hiyohiyo, ya mwaka huohuo, ikiwa na pembe zilizolika, huuzwa kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Picha ni ileile na wino ni uleule.

Noti zina mfumo wa namna hiyo. Kampuni inayojulikana zaidi ni PMG, iliyoanza 2005, yenye makao Sarasota, Florida, na mizani yake hufika 70. Noti ambayo haijawahi kutumika huanzia 60. Mkunjo mmoja tu wa katikati, ule unaoonekana noti ikiinuliwa kwenye mwanga, huishusha chini ya hapo. Mikunjo mingi na uchafu huiteremsha kwenye thelathini au ishirini, na kila hatua ya kushuka hukata bei vibaya.

Sasa noti za Mara zimeishi wapi? Zimefungwa kwenye pindo la kanga. Zimepita kwenye minada ya ng'ombe, zikahesabiwa kwa vidole vyenye magamba ya samaki kwenye mialo ya ziwa, zikalala kwenye soksi ya dereva wa lori pale Bunda, njiani kati ya Mwanza na Sirari. Noti zilifanya kazi yake, na kazi hiyo ndiyo iliyoziondolea bei ya mkusanyaji. Kwa sababu hiyohiyo, noti ya Mwalimu ya toleo la kwanza la 1966 ambayo haikuwahi kukunjwa ni adimu kuliko watu wanavyodhani. Ziligawiwa nchi nzima. Nani aliyekuwa na pesa ya kuiweka tu?

Toleo hilo ndilo lililoanzisha shilingi ya Tanzania. Benki Kuu ilifungua milango Juni 14, 1966, na shilingi mpya ikachukua nafasi ya ile ya Afrika Mashariki kwa thamani sawa. Noti zilikuwa za shilingi 5, 10, 20 na 100. Ile ya 100 ndiyo inayotafutwa zaidi, kwa sababu iliyo wazi: mwaka 1966 shilingi 100 zilikuwa fedha nyingi mno kuachwa kabatini.

Sarafu za mwaka huo ni mlango mzuri zaidi kwa anayeanza. Senti 5 ina samaki na pembe kumi na mbili, senti 20 ina mbuni, senti 50 ina sungura, na shilingi moja ina mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru. Upande wa pili zote zina sura ya Mwalimu, pamoja na maneno yanayomtaja kuwa Rais wa Kwanza, ingawa alikuwa angali madarakani na angebaki huko hadi 1985. Zilitengenezwa kwa mamilioni. Hakuna atakayejenga nyumba kwa shilingi moja ya 1966 iliyosuguka, lakini mtoto wa shule ya msingi anaweza kukamilisha seti nzima na kujifunza historia ya nchi yake kiganjani. Akiendelea atakutana na sarafu ya shilingi 5 ya 1971, yenye pembe kumi, iliyotolewa kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru, kisha senti 10 ya 1977 yenye pundamilia.

Kilele cha sarafu za Tanzania kinaihusu Mara pia. Mwaka 1974 zilitolewa sarafu tatu za uhifadhi wa wanyamapori: shilingi 25 ya fedha yenye twiga, shilingi 50 ya fedha yenye faru mweusi, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Wanyama wote watatu wako Serengeti, na sehemu kubwa ya hifadhi hiyo imo mkoani Mara. Sarafu ya duma ina uzito wa zaidi ya gramu 33, na tisa ya kumi ya uzito huo ni dhahabu. Hizi hazikuwahi kuzunguka sokoni; ziliuzwa kwa wakusanyaji, nyingine zikiwa kwenye vikasha vyake. Anayeuziwa sarafu ya aina hii na akanunua bila kupita kwanza kwa sonara mwenye mizani amejitakia hasara.

Kuna sarafu nyingine ambazo zimewaharibia watu maisha, nazo ni rupia za utawala wa Mjerumani. Kanda ya Ziwa ina masalia ya utawala huo, kama Ngome ya Ikoma kule Serengeti, na kila penye boma la zamani hapakosi hadithi ya hazina. Matapeli huifuata hadithi hiyo. Humwonyesha mtu rupia moja iliyochakaa, humwambia liko pipa zima lililofukiwa, kisha huanza kudai fedha: za mganga, za kibali, za usafiri, za mnunuzi Mzungu anayekuja kesho. Kesho hiyo haifiki.

Ukweli kuhusu rupia hauna uchawi wowote. Rupia za fedha zilitengenezwa kuanzia 1890, zina uzito wa gramu 11.66, na kiasi cha asilimia 92 ni fedha halisi. Ni sarafu nzuri, zina bei, ila si bei ya gari. Iliyo adimu kweli ni ya dhahabu, ya rupia 15, yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 katikati ya vita, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka takriban 16,000 tu, na kwa kuwa zinatafutwa dunia nzima, zimeigwa. Rupia inayonaswa na sumaku si ya fedha. Jaribio hilo halina gharama, na lingewaokoa wengi.

Kosa kubwa zaidi hufanywa kwa nia njema, nalo ni kusafisha. Mtu anapata sarafu nyeusi, anaisugua kwa majivu na limau hadi ing'ae, kisha anaipeleka kuuza akiwa na fahari. Rangi ile nyeusi ndiyo ngozi ya sarafu. Ikishasuguliwa hairudi, na mkusanyaji huziona alama za msuguo mara moja. Noti nazo hupigwa pasi ili mkunjo upotee, au hubandikwa selotepu zilipochanika. Vyote viwili hugundulika, na vyote hushusha daraja.

Musoma na vijiji vya ufukweni vina unyevunyevu wa ziwa, na Butiama na Bunda mchwa hawana likizo. Noti zikae bapa, na sarafu nazo, ndani ya mifuko migumu ya plastiki isiyonuka, kwa sababu plastiki laini yenye harufu kali hutoa kemikali inayoacha utandu wa kijani kwenye sarafu. Vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu visitupwe. Sarafu ishikwe kingoni.

Kupeleka noti Marekani ili ipimwe daraja ni jambo la busara kwa vitu vichache mno. Ada, bima na usafiri wa kwenda na kurudi vinaweza kuzidi bei ya noti yenyewe mara nyingi. Kwa noti ya 1,000 yenye sura ya Mwalimu, iliyotoka mwaka 2000 na sasa imeondolewa, ikiwa na mikunjo ya kawaida, usitumie hata senti. Kwa noti ya 100 ya 1966 isiyo na mkunjo, ulizia. Anayenunua noti iliyokwisha kupimwa aingize namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni husika na kulinganisha namba ya noti, kwa sababu makasha ya kughushi yapo. Na burungutu la noti mia lenye utepe wa benki lisinunuliwe kwa kutazama noti ya juu na ya chini pekee.

Familia zenye sarafu na noti hizi, kabla ya kumkabidhi dalali yeyote, ziandike kwenye karatasi zilikotoka: nani alizipata, lini, kwa kazi gani. Kisha ziende Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, yaliyofunguliwa 1999, zikaulize kabla ya kuuza.