Masomo ya Utalii ni Masomo ya Nini?

Mhariri wa gazeti letu ameniandikia akiniomba niwaeleze wanafunzi, walimu na wazazi habari za masomo ninayosoma Chuo Kikuu. Nimekubali kwa furaha, maana nilipoketi kwenye madawati hayo hayo hapakuwa na mtu wa kunieleza, na fomu ya kuombea chuo niliijaza kama mtu anayevuka mto usiku.

Nasoma shahada ya Usimamizi wa Utalii katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nami niko mwaka wa tatu, ambao ndio wa mwisho. Watu wengi wakisikia hivyo hucheka. Wengine hudhani nafundishwa kutandika vitanda. Wengine hudhani nitavaa kofia pana na kuendesha gari Serengeti. Baba mdogo, ambaye ni mvuvi katika kijiji chetu kusini ya Liuli, aliniuliza mbele ya watu: "Mwanangu, serikali inakukopesha fedha miaka mitatu ujifunze kutembea?" Watu wakacheka sana, nami nikacheka pamoja nao kwa kuwa sikuwa na jibu. Mwaka jana mwezi wa Oktoba, kabla chuo hakijafunguliwa, yeye mwenyewe aliniita nyumbani. Sababu yake nitaisimulia mbele.

Kwanza yapasa tujue mtalii ananunua nini. Kahawa ya Mbinga hutiwa magunia, hupakiwa, ikanywewa ng'ambo na watu wasiojua Mbinga iko wapi. Lakini jiwe la Pomonda pale Liuli halipakiwi, wala Ziwa Nyasa halitiwi guniani. Mtu akivitaka sharti aje mwenyewe. Na akishaviona, akalipa na kwenda zake, vitu hivyo bado viko pale pale, tayari kuonwa na mwingine kesho. Basi hii ni biashara ya ajabu, ambayo bidhaa yake huuzwa kila siku isiishe, ila kwa sharti moja, kwamba wauzaji na wanunuzi wasiiharibu. Hapo ndipo linapoingia neno "endelevu", ambalo siku hizi mnalisikia redioni kila saa.

Neno hili lilipata nguvu duniani mwaka 1987, ilipotolewa taarifa ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Bibi Gro Harlem Brundtland wa Norway. Maana yake kwa ufupi ni kwamba sisi tulio hai tujipatie mahitaji yetu bila kuwanyima wajukuu mahitaji yao. Siku tulipofundishwa habari hiyo, mwalimu alionyesha ukutani picha ya mlima uliojaa vishimo vya miraba kama sega la nyuki. Nilitaka kusimama. Ilikuwa ni ngoro ya Umatengo! Katika darasa lile lote mimi peke yangu nilikuwa nimewahi kushika jembe ndani ya ngoro, kwa mjomba wangu, huko juu Mbinga.

Wanafunzi wa huku hawahitaji kuelezwa, lakini gazeti hili husomwa na wageni pia. Katika milima ya Wamatengo, ambako mteremko ni mkali, majani hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo huchimbuliwa katikati na kufunikwa juu ya majani yale. Yakabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, maji huingia shimoni badala ya kuteremka na udongo. Majani huoza yakawa mbolea. Matutani hupandwa maharage, na baadaye mahindi. Wazee wamelima hivyo kwa vizazi vingi, na milima ile bado inalimika. Niliona aibu kidogo kwamba niliipita kila siku nikienda shule, nikaja kufundishwa thamani yake Morogoro.

Sasa, mnasoma nini huko? Mtu anayechukia hesabu asidanganyike akaja kwetu kuzikimbia. Tunasoma elimu ya viumbe na makazi yao, jiografia, takwimu, uchumi, utunzaji wa vitabu vya fedha, sheria, urithi wa kale, na jinsi ya kuongoza wageni. Wakati wa likizo twapelekwa kufanya kazi za mafunzo. Ziko pia njia nyingine. Chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, kimefundisha utunzaji wa wanyama wa porini tangu mwaka 1963. Chuo cha Taifa cha Utalii hufundisha kazi za hoteli na za kuongoza wageni kwa wale wasiokwenda Chuo Kikuu, na kazi hizo si za kudharauliwa. Sifa za kuingilia hubadilika. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kitabu cha mwongozo, someni hicho, msitegemee maneno ya njiani. Jiografia na Kiingereza msivichezee.

Somo lililonifungua macho zaidi ni lile la kufuata shilingi. Mwalimu alituambia tuchukue fedha ya mgeni mmoja kwa usiku mmoja, tuifuate kama mwindaji afuatavyo nyayo, tuone inalala wapi. Nami niliifanya kazi hiyo kwa mfano wa huku kwetu. Tuseme mgeni analipa shilingi 100,000 katika hoteli nzuri ya ufukoni. Mwenye hoteli anakaa mji mkubwa wa mbali. Bia, mchele, kuku wa barafu na mashuka vyote vimekuja kwa lori. Meneja naye ametoka mbali. Kinachobaki kijijini ni ujira wa mfagizi na mlinzi, tuseme 12,000. Sasa tuseme mgeni mwingine analala kwa mama mwenye nyumba ndogo ya wageni, analipa 40,000 tu. Samaki amevuliwa jioni ile, mayai na ndizi ni za jirani, mtumbwi wa kumtembeza ni wa kijana wa hapo hapo. Tukikisia kwamba 28,000 inabaki kijijini, nyumba ndogo imekishinda kile kikubwa zaidi ya mara mbili. Tarakimu hizi ni za mfano wangu, lakini njia ya kuhesabu ni ile ile, na mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili aweza kuifanya kwa kuuliza maswali sokoni.

Sisemi hoteli kubwa ni adui. Mara nyingine huleta maji na umeme, na mama yule mwenye nyumba ndogo huenda hana choo cha kumfaa mgeni. Nasema fedha huvuja, na anayeijua tundu aweza kuiziba. Nilipata kulala katika nyumba moja ya wageni pale Mbinga mjini, katikati ya mashamba ya kahawa. Asubuhi nikaomba kahawa. Nililetewa maji ya moto na kahawa ya kopo iliyotengenezwa mbali, na madirishani naiona mibuni! Kijana aliyenihudumia aliona swali langu kuwa la kichaa.

Jambo la pili kubwa ni kiasi cha watu ambacho mahali paweza kuchukua. Chukueni mfano wa samaki wetu wa mapambo, wale wenye rangi za buluu na manjano wanaokaa kwenye mawe, ambao Malawi huwaita mbuna. Ziwa Nyasa lina aina za samaki nyingi kuliko ziwa lolote jingine duniani, kwa mamia, na wengi wao hawapatikani penginepo. Mbuna hula ukoga wa mawe, na jike huatamia mayai kinywani mwake. Hawapendi kuvuka mchanga wala kina kirefu; kwa hiyo samaki wa mwamba mmoja waweza kuwa na rangi wasiyokuwa nayo wa mwamba wa pili. Ukiuharibu mwamba mmoja kwa nanga, kwa taka au kwa nyavu, huenda umeondoa rangi ambayo haitaonekana tena popote. Wenzetu wa Malawi wana hifadhi upande wa kusini wa ziwa, karibu na Cape Maclear, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984 kwa sababu ya samaki hawa hasa.

Lakini je, inawezekana kweli kuwapokea wageni na kulinda samaki, na wavuvi nao wale? Tulifundishwa habari za kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliufanya mwamba wa matumbawe wa upande wake wa magharibi kuwa mahali pasipovuliwa. Wageni hulala katika nyumba 7 tu, wala haziongezwi. Maji yao ni ya mvua yanayokingwa mapaani, umeme ni wa jua, na vyoo havitumii maji. Walinzi wa kwanza wa mwamba walikuwa wavuvi, waliofundishwa kazi mpya. Watoto wa shule hupelekwa bure kujifunza. Hapo nyumba 7 hazikutokana na uhaba wa fundi; ni hesabu ya kile mwamba unachoweza kuvumilia. Sharti niseme pia kwamba Chumbe hupokea wageni wenye fedha nyingi, na si kila ufuko waweza kuiga bei zake.

Sasa nirudi kwa baba mdogo. Tangu barabara ya lami kutoka Mbinga kuteremka Mbamba Bay ilipokamilika, yapata kilometa 66, watu wenye magari mazuri wamekuwa wakija kutazama viwanja vya ziwani. Bwana mmoja alikuja kijijini kwetu, akataka kununua kipande cha baba mdogo chote, toka mchangani hadi kwenye miembe na nyuma yake, ajenge nyumba za wageni karibu kabisa na maji. Fedha aliyoitaja ilitosha mashine mpya ya boti. Na mashine ya baba mdogo ilikuwa imekufa tangu mwezi wa Julai; alikuwa akivua kwa kasia kama babu yetu, na watoto watatu wako shule. Katika kipande kile hupita njia ambayo kina mama huchotea maji na wavuvi hupandishia mitumbwi.

Aliniita nisome karatasi. Nikamwambia mambo mawili niliyoyajua. La kwanza, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. La pili, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ardhi ya kijiji iko chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji, na neno kama hili halimalizwi kwa karatasi ya watu wawili chini ya mwembe. Kisha tukachukua kamba ya wavu, tukapima. Toka majini hadi mwisho wa kiwanja palikuwa na mita 85. Nikamwonyesha mita 60 zinaishia wapi, nikasema kwa majivuno ya mtu wa mwaka wa tatu, "Baba, zinazobaki za kujengea ni 25, hiyo ndiyo ya kupangisha. Njia ya mwaloni usiitie katika mkataba wowote."

Akaitazama ile kamba, akatikisa kichwa. "Umepima ziwa likiwa limelala," akasema. "Huu ni mwezi wa Oktoba. Njoo upime mwezi wa Mei, baada ya mvua, ndipo utajua maji yanafika wapi."

Nilinyamaza. Kweli ilikuwa wazi mbele yangu, nami sikuiona. Kitabu changu kilikuwa na mita 60. Ukingo wenyewe aliujua yeye.

Alimwambia yule bwana kwamba hatauza, ila yuko tayari kuzungumza habari za kupangisha sehemu ya nyuma mbele ya Halmashauri ya Kijiji, ziwa likishapanda. Yule bwana hajajibu. Mashine ya boti bado imekufa, na naandika haya nikijua kwamba ushauri wangu umemgharimu mtu mwenye njaa miezi mingi ya kasia. Tumechomeka kigingi cha mninga pale maji yalipokuwa Oktoba, na kamba ameitunza yeye, imefungwa fundo kwenye mita ya 60. Mwezi wa Mei nikipata nauli nitateremka tukapime mara ya pili, na mwanafunzi yeyote wa shule yetu anayetaka kuja na daftari lake anakaribishwa.