Vinyama vya Puani

Mwaka 1857 msafiri Mwingereza, John Speke, aliondoka Unguja akapita njia ya misafara ya Tabora. Mwaka 1858, katika Ziwa Tanganyika, mdudu alimwingia sikioni. Akamchokoa kwa kisu. Sikio likatunga usaha, na kila alipopenga kamasi likapiga mluzi. Kumbe pua na sikio ni majirani.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, twawasihi: vinyama vilivyoota puani msivichokoe, wala msivitie mafuta ya karafuu, yanaunguza. Pua ikiziba zaidi ya miezi mitatu, mwoneni daktari. Dawa yake ni kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na kupuliza dawa ya kupunguza uvimbe, isipofaa, hukatwa. Navyo huweza kuota tena, basi dawa isiachwe ila kwa amri ya daktari.