Vifaa vya Kuvaliwa kwa Mgonjwa wa Parkinson: Vinapima Nini, na Nani Atavisoma?

Mgonjwa wa Parkinson hukaa mbele ya daktari kwa dakika chache, kisha hurudi nyumbani kuishi na maradhi yake usiku na mchana. Katika dakika hizo daktari humtaka afumbe na kufumbua kiganja, agonganishe kidole gumba na cha shahada, ainuke kitini, atembee hadi mlangoni na kurudi. Halafu humuuliza hali imekuwaje tangu walipoonana mara ya mwisho. Swali hilo ndilo gumu kuliko yote. Wengi hulijibu kwa kadiri walivyoamka siku hiyo, na wengine, kwa adabu tu, husema hawajambo.

Wauzaji wa vifaa vya kuvaliwa husema kwamba bidhaa zao zinaziba pengo hilo kati ya kliniki na nyumbani. Dai hilo lina ukweli, lakini ukweli wenye mipaka, na familia inayokusudia kutoa fedha nyingi inafaa kuijua mipaka hiyo mapema.

Kinachopimwa

Maradhi haya, yaliyoelezwa na tabibu James Parkinson wa London mwaka 1817, huambatana na kufa polepole kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kuanzisha na kuongoza mwendo. Dopamini ikipungua, mkono hutetemeka ukiwa umepumzika, misuli hukakamaa, mwendo huwa mzito, hatua hufupika, na pengine miguu hukwama ghafla kana kwamba imegundishwa sakafuni. Dawa kuu, levodopa, hugeuzwa kuwa dopamini ndani ya ubongo. Katika miaka ya mwanzo dozi moja huweza kumfikisha mgonjwa hadi dozi inayofuata bila taabu. Miaka ikipita, nafuu hiyo hufupika: dawa huishiwa nguvu kabla ya saa ya dozi nyingine, au inapofika kileleni huleta miendo ya kujinyonganyonga ambayo mgonjwa hakuikusudia. Hapo ndipo kujua saa ya kila badiliko kunapokuwa na thamani, kwa kuwa daktari anaweza kusogeza saa za dozi, kuzigawa, au kuongeza dawa nyingine.

Ndani ya kifaa mna vihisi vidogo vinavyopima jinsi kiungo kinavyobadilisha kasi na kinavyozunguka. Mtetemeko wa Parkinson mkono ukiwa umetulia huwa wa takriban mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na programu huweza kuutambua kwa mdundo huo. Uzito wa mwendo huonekana kwa namna nyingine: miendo midogo, ya polepole, yenye vituo virefu katikati.

Mfano mmoja unaojulikana ni Personal KinetiGraph, kifaa kilichobuniwa Australia. Huvaliwa kwenye kifundo cha mkono, kwa kawaida siku 6. Saa ya dawa ikifika hutetema ili kumkumbusha mgonjwa, naye hukigusa kuthibitisha kwamba amemeza. Mwishoni hutolewa grafu inayoonyesha saa za dawa pamoja na mistari inayopanda na kushuka kufuata hali ya mwendo. Daktari mzoefu akiitazama anaweza kugundua, kwa mfano, kwamba dozi ya mchana huchelewa kufanya kazi kila siku, jambo ambalo mgonjwa alilidhania kuwa uchovu wa baada ya chakula. Na chakula chenyewe huenda kikawa na mkono wake humo, kwani protini ya nyama, maharage au maziwa hushindana na levodopa kuingia mwilini. Kwa hiyo saa za kula nazo ziandikwe.

Vipo vifaa vya namna nyingine. STAT-ON hufungwa kiunoni, na kwa hiyo huzifuata hatua na kukwama kwa miguu, mambo ambayo kifaa cha mkononi hakiyaoni vyema. PDMonitor hutumia vihisi kadhaa mikononi, miguuni na kiunoni. Mwezi Januari 2023, NICE, taasisi inayoishauri huduma ya afya ya Uingereza, ilivikubali vifaa vitano vya aina hii, vitatu hivyo vikiwemo, lakini kwa sharti kwamba ushahidi uendelee kukusanywa. Muuzaji akikuambia kwamba ubora wa kifaa chake ni jambo lililokwisha kuthibitishwa pasipo shaka, mkumbushe sharti hilo.

Kisichoonekana

Kifaa hakijui aliyekivaa anafanya nini. Kukuna nazi, kupepeta mchele, kufua, au kupanda bodaboda katika njia ya mashimo ni mitikisiko ambayo programu inaweza kuichanganya na ya ugonjwa. Aliyelala kwa homa siku mbili anaweza kuonekana kama ambaye mwendo wake umekuwa mzito. Tena maradhi haya huanzia upande mmoja kwa walio wengi, ilhali watu wengi huvaa saa mkono wa kushoto kwa mazoea. Kifaa cha mkononi kivaliwe upande ulioathirika zaidi, isipokuwa mtaalamu aseme vinginevyo.

Choo kigumu, usingizi uliovurugika, huzuni, usahaulifu na kizunguzungu cha kusimama ni sehemu ya maradhi vilevile, na kwa baadhi ya wagonjwa huwa mzigo kuliko mtetemeko. Grafu ya mwendo haisemi neno juu ya hayo. Mgonjwa asiache kuyataja kwa sababu tu kifaa hakikuyataja.

Wala kifaa hakitambui kwamba mtu ana Parkinson. Kutetemeka kuna sababu nyingi, na mkono unaotetemeka hasa unapoinua kikombe huenda una tatizo jingine kabisa. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, uliwapata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la maradhi yao. Mtu wa hali hiyo anahitaji kwanza tabibu wa kumchunguza. Fedha za kununulia saa afadhali zilipie nauli ya kwenda hospitali ya rufaa.

Kabla ya kutoa fedha

Swali la kwanza lisiwe la bei. Liwe hili: nani atakayeisoma rekodi, na je, yuko tayari kubadilisha matibabu kutokana nayo? Mpelekee daktari wako jina la kifaa kabla ya kukinunua. Akisema hana njia ya kuipata ripoti hiyo au hatazamii kuitumia, ununuzi huo hautamfaa mgonjwa, hata kifaa kiwe kizuri namna gani.

Uliza pia iwapo bei inajumuisha ripoti, au kuna ada ya kila mwezi, na kifaa kitabaki na kazi gani ada isipolipwa. Saa janja za kawaida zinazohesabu hatua na mapigo ya moyo si vifaa tiba kwa kuwa tu tangazo limetaja afya. Kwa kinachouzwa kama kifaa tiba, omba uthibitisho wa usajili, kisha uuhakikishe kwa msajili mwenyewe: Tanzania ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Hifadhi risiti.

Rekodi ya mwendo wako ni taarifa ya afya, na taarifa za afya huhesabiwa kuwa nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Muuzaji akueleze inahifadhiwa nchi gani, nani anaiona, na inafutwaje. Asiyeweza kueleza hayo usimkabidhi.

Daftari na simu

Asiye na kifaa hajakosa kila kitu. Siku tatu hadi tano kabla ya kliniki, aandike saa ya kila dozi, saa ya kila mlo, na hali yake kila baada ya saa moja: mwepesi, mzito, au anajinyonganyonga. Jamaa ampige video fupi akitembea na kugeuka, mara moja wakati dawa inafanya kazi na mara moja inapokwisha, akitaja saa kwa sauti. Lipo kosa dogo linaloweza kuharibu kazi yote: saa 2 asubuhi ya nyumbani ni 8:00 katika simu na vifaa. Chagueni hesabu moja na kuiandika juu ya ukurasa.

Anayekusudia kufunga Ramadhani amwone daktari mapema, maana dozi za mchana haziwezi kusogezwa hadi futari na daku bila mpango.

Rekodi iwe ya kifaa au ya daftari, dozi ibadilishwe na daktari. Levodopa haiachwi ghafla. Mgonjwa aliyeikatiza, kisha akapata homa kali, mwili ukakakamaa na fahamu zikavurugika, apelekwe hospitali mara moja, na dawa zake zote zichukuliwe zikiwa katika vifungashio vyake.